Ukurasa Uliochelewa

Vumbi lilicheza kwenye mwanga wa dirisha la juu, likashuka polepole juu ya mabomba ya kinanda, likatua hata mabegani mwa dada mkubwa. Alikuwa amekaa pembeni ya benchi, si katikati. Kazi yake leo ilikuwa kumfunulia mpigaji kurasa za nota.

Miaka nenda, miaka rudi, kinanda hiki alikipiga yeye. Alikipiga harusini, alikipiga msibani, alikipiga akiwa na homa, alikipiga mabomba mawili yakikoroma kama vizee. Leo kinanda kinatimiza miaka hamsini, kanisa limefurika hadi mlangoni, na aliyeitwa kupiga ni mdogo wake, aliyesomea ng'ambo, aliyerudi na viatu vyembamba vya kukanyagia pedali.

"Dada, utanifunulia wewe, eh? Wengine siwaamini," mdogo alimwambia asubuhi, akimkumbatia.

Alikubali kwa mdomo. Moyo ulibaki nyuma.

Muziki ukaanza. Ukainuka, ukajaa, ukatikisa vioo. Vidole vya mdogo vilikimbia pale ambapo vyake vilizoea kutembea. Wivu una meno, jamani: ulimtafuna taratibu, ulimtafuna kimya kimya, ulimtafuna na tabasamu usoni.

Ukurasa wa mwisho ukakaribia. Mkono wake ukashika pembe ya karatasi.

Haukufunua.

Mdogo akabaki na sauti moja chini ya vidole. Akaishikilia. Ikaning'inia juu ya vichwa vya watu, nyembamba, tupu, haina pa kwenda. Akageuza macho. Hakukasirika, aliogopa, kama alivyokuwa akiogopa giza zamani, walipolala kitanda kimoja.

"Dada," alinong'ona.

Dada akafunua.

Makofi yalipopasuka, mwalimu wa kwaya alimjia mdogo mbio, machozi yakimchuruzika. "Pale uliposubiri! Pale kwenye ile sauti moja! Mwili wote umenisisimka. Hakuna aliyewahi kukipiga hivyo."

Mdogo alimtazama dada yake. Aliujua ukweli, ulikuwa kwenye ncha ya ulimi. Badala yake akamshika mkono, akamwinua, akamsimamisha mbele ya umati.

"Pale ni pake," alisema. "Mpigieni makofi yeye."

Kanisa zima likasimama, likashangilia, likapaza vigelegele. Na dada mkubwa, aliyeyangoja makofi hayo maisha yake yote, akainama kushukuru, uso ukiwaka moto, akitamani ardhi ipasuke immeze.