Peaneni Mikono, Yaishe

Shule ile ilikuwa na dawa moja ya kila ugonjwa. Mmepigana? Peaneni mikono. Mmetukanana? Peaneni mikono, yaishe. Basi binti wa darasa la mwisho aliposema mwenzake alimfungia maabara akamshikashika mwilini kwa nguvu, mkuu wa shule akawaita wote wawili ofisini, kama watu waliogombania kiti. Jamani, huo nao ni ugomvi?

Mvulana akanyoosha mkono upesi. Wa binti haukuinuka. Ndipo mwalimu wao wa darasa, mama mpole ambaye wanafunzi walimwita Shangazi, akamshika kifundo cha mkono taratibu, akauweka mkono wake kwenye ule mwingine.

"Funika kombe mwanaharamu apite, mwanangu," akamnong'oneza.

"Yamekwisha," mkuu akasema.

Yamekwisha wapi! Tangu siku hiyo Shangazi hapati usingizi. Akishika chaki, anahisi kile kifundo kikijivuta vidoleni mwake. Jirani akimpa mkono, wake unarudi nyuma wenyewe. Binti naye kaacha shule, na mtihani uko mlangoni.

Akamfuata kwao. Mama mtu, fundi cherehani, akaacha nguo chini ya sindano, akamkaribisha kwa furaha.

"Afadhali umekuja, mwalimu. Shule nzima ni wewe tu uliyemwonea huruma mwanangu. Mwambie arudi, mimi hanisikii."

Binti alikuwa pembeni anashona vifungo. Hakuinua macho. Kumbe hakuwa amemwambia mama yake ni nani aliyeushika mkono wake siku ile! Shangazi alitamani anyamaze, aende zake na sifa asizostahili. Lakini machozi yakamtangulia.

"Mama, mimi ndiye niliyemshika mkono nikautia katika wa yule kijana."

Mama mtu akasimama. "Toka nyumbani kwangu."

"Mwache, mama," binti akasema. "Mwalimu, hayo uliyoyasema hapa, kayaseme kule. Paredi, mbele ya mkuu, mbele ya wote. Useme alichonifanyia, na mlichonifanyia nyinyi. Ukisema, kesho yake nitarudi."

"Watanifukuza kazi, mwanangu."

Maneno yalimtoka kabla hajayafikiria. Laiti angeyameza! Binti alimtazama kidogo, bila hasira, kisha akatia uzi kwenye sindano, akaendelea na vifungo vyake.