Vidole vya Jarius

…na kurasa ni kumi na nne, amezichapa maktaba ya mji kwa sababu mashine ya nyumbani iliishiwa wino tangu Krismasi, na juu kabisa kwa herufi nene ameandika Kwa Nini Safu ya Ushambuliaji ya Wetheral Ilikufa, na jibu Alvin Pettway alikuwa nalo tangu Novemba, halikuhitaji hata shahada, aliyeiua ni Kocha Tolliver wa timu ya mpira wa Kimarekani, huyu huyu mzee aliyekaa mbele yake na rimoti mkononi, ambaye katika yale majaribio manne ya kusogeza mpira yadi kumi, la kwanza lazima aamuru ukimbizwe katikati na la tatu lazima aamuru urushwe, mpaka mama muuza karanga za kuchemsha pale lango la kusini anajua kinachofuata bila kugeuza shingo, mechi kumi na mbili wameshinda tatu, na leo Alvin amekuja kumwambia hivyo usoni, kwa adabu, kwa grafu, na tai ya marehemu baba shingoni, maana ukishakaa miaka miwili na digrii ya takwimu unajaza fomu na kurudishiwa we regret to inform you, wanasikitika kila wiki watu hao, machozi yote hayo wanayatoa wapi, basi siku Wetheral, chuo cha mjini kwenu, kinapotafuta mchambuzi wa michezo kabla ya msimu mpya unavaa tai ya marehemu na unasema ukweli wote, ukweli ndio mchongo pekee uliobaki… "Ukurasa wa sita umenichoma, kijana," Kocha Tolliver anasema, "nimeusoma mara mbili, mke wangu akaniuliza nani amekufa," na Kocha Nix aliyekaa pembeni anacheka kidogo kwa pua, Nix mgeni, amekuja Januari kuwafundisha wale watano wa mbele, ukuta unaomlinda mrushaji, baada ya mzee aliyekuwa na kazi hiyo kufukuzwa Desemba, mtu mzima na kikombe chake cha kahawa… "Lakini sasa nitazamie hii," Tolliver anasema, "hii haimo kwenye grafu zako," na picha ukutani inatembea, ni mechi ya mwisho na timu ya Tuckasee, jaribio la tatu, yadi tisa zimebaki, hapo kila mwenye akili anarusha, "na mimi siku hiyo nikasema nitawadanganya, nikaamuru tukimbie, sikumwambia mtu mpaka sekunde ya mwisho, sasa mwangalie namba arobaini na nne wao," na arobaini na nne anaanza kusogea kabla mpira haujatoka, anapiga kelele, ananyoosha kidole palepale mkimbiaji anapokwenda, anamlaza chini kama gunia… "Mimi ndiye wa kutabirika, sawa, nimekubali, lakini hapa amejuaje?" na Tolliver anarudisha nyuma, anasimamisha picha sekunde moja kabla, rimoti imeinuliwa hewani, "wewe msomi, niambie, wao wamejuaje?" na Alvin anafungua mdomo kwa sababu jibu analo, ukurasa wa tisa, jedwali la pili, anaangalia picha ili tu aonekane anaangalia… na yule arobaini na nne hamwangalii mrushaji, hauangalii mpira, kichwa kimeinama, anaangalia chini, upande wa kushoto wa Wetheral, anaangalia nyasi, anaangalia mkono.

Mkono wa Jarius. Mdogo wake Alvin, mlinzi wa kushoto kabisa katika ule ukuta, kilo mia na arobaini, ameinama, mkono mmoja chini kama wenzake wote, vidole vimezungushiwa plasta nyeupe kwa sababu kimoja kilivunjika Septemba, na vile vidole vyeupe vimezama, havijagusa nyasi, vimezama ndani yake mpaka pingili ya kwanza, mwili mzima umemwagwa juu yake… hapana, tulia, hiyo ni picha moja, picha moja si takwimu, "naomba ile ya kabla yake, Kocha," na Tolliver anabonyeza, na kabla yake mpira ulirushwa, na vidole vimekaa juu ya nyasi tu, plasta inaonekana yote, vitano, unaweza kuvihesabu, "na nyingine," kukimbia, vimezama, "nyingine," kurusha, vinaelea, "moja tu, samahani," vimezama… na Alvin anaacha kuomba nyingine, kwa sababu ametazama mechi zote kumi na mbili, amehesabu kila hatua, kila upepo, ameuliza watu unyevu wa uwanja, na mara zote alitazama picha ya kutoka juu, ya kule kwa watangazaji, ambako watu ni kama sisimizi na mikono haipo, hii ya kutoka nyuma ya goli hakuwahi kupewa, na hata angepewa asingetazama mkono, nani anatazama mkono wakati mpira uko kwingine… Tuckasee, Tuckasee walitazama, na kama Tuckasee walijua basi na wa kabla yao walijua, msimu mzima mtoto amekuwa akiwatangazia kwa vidole, tunakimbia, tunarusha, tunakimbia, na mama yao Jumamosi zote jukwaani na kofia ya kijani akipiga vigelegele. Kutabirika. Kurasa kumi na nne za kutabirika. Kumbe mzee angeweza kuamuru kwa kurusha sarafu na bado wangejua.

Chini ya sakafu vyuma vinagongana, wachezaji wako kwenye chumba cha mazoezi, na kuna kicheko kinachopanda kupitia mbao, kicheko cha Jarius, huwezi kukikosea, "we Dobbs, huo uzito mpe bibi yako anyanyulie, sisi huku tunafanya kazi," na wengine wanacheka… anacheka, hajui, nani angemwambia, alifundishwa vizuri, alifundishwa… na hapo ndipo jambo lenyewe linapofika, lile la kwanza lilikuwa mlango tu. Uani, nyuma ya nyumba, kati ya kamba ya nguo na mtungi mkubwa wa gesi, Jarius ana miaka kumi, Alvin kumi na sita na goti lililofungwa vyuma, goti lililokwisha, ndoto imehamishiwa kwa mdogo kama nguo iliyokubana, "ukienda mbele kumfungulia mkimbiaji mwaga uzito wote kwenye vidole, Jay, ardhi ikusikie, na ukirudi nyuma kumlinda mrushaji gusa tu, kama unavyogusa jiko kujua limepoa," "hivi?" "zaidi," "hivi?" "hapo hapo, hapo hakuna wa kukuweza," na mama dirishani, "mkinivunjia maua yangu mtalala na huo mtungi"… jioni baada ya jioni, miaka, mpaka mwili ukashika. Na Oktoba, Oktoba ndiyo inayomkaba, simu, Jarius anatafuna kitu, "kaka, mzee wa ukuta anasema nisawazishe uzito, eti kukimbia na kurusha mkono uonekane uleule, nikamwambia mimi nimefundishwa na kaka yangu," na Alvin, mwenye digrii, mwenye goti, mwenye hasira na kila mzungumzaji mwenye mshahara, alicheka, alisema, "usibadilishe kitu, bwana mdogo, huyo mzee angekuwa anajua asingekuwa Wetheral," na mzee yule Desemba akabeba boksi lake na picha za wajukuu zake akaondoka, na Alvin akaandika ukurasa wa tatu kwamba kufukuzwa kwake kulichelewa.

"Unaona kitu?" Tolliver anauliza, na si kwa ukali, anauliza kweli, kama mtu anayemuuliza fundi kuhusu nyumba yake mwenyewe, na nyuma yake ule ubao wa majina, vipande vya sumaku vimepangwa kwa nafasi, kushoto juu PETTWAY, na chini yake jina la kijana wa Georgia, kilo mia na hamsini, aliyeandika barua wiki iliyopita anataka kuhamia, ufadhili mmoja, nafasi moja, na mkono wa Tolliver ukiinuka tu sentimita chache sumaku moja inashuka na nyingine inapanda, na Jarius anarudi nyumbani kati ya kamba ya nguo na mtungi… sema huoni kitu. Sema ukurasa wa tisa, jedwali la pili, mzee amekwisha kuamini, atajilaumu, atabadilisha mfumo mzima, utapata kazi kwa uongo ambao jana ulikuwa ukweli, na Septemba arobaini na nne mwingine atatazama nyasi… au sema ni mkono. Sema mkono na usiseme aliyeufundisha ni wewe. Ni kosa la wiki tatu kulirekebisha, ukuta mzima unafundishwa hivyo, Jarius anaweza, kama atakayemwambia ni yule ambaye anamsikiliza, na anayemsikiliza ni mmoja tu, na huyo amekaa hapa na tai ya baba… sema "mimi ndiye niliyemfundisha," hayo ndiyo maneno, matatu, hayahitaji grafu, na ukiyasema hutaajiriwa, nani anaajiri mtu aliyeiua timu akiwa uani kwao, halafu ukaja kumshitaki mwingine kwa kurasa kumi na nne… chini kicheko tena, vyuma, sauti ya mwenzake Jarius, "mara ya mwisho, Pettway, na kesho pia utasema ya mwisho," picha bado imesimama, rimoti bado hewani, Tolliver bado ameinua nyusi akisubiri, na Alvin anageuka ili asiione ile plasta nyeupe na anakuta Nix haangalii picha ya ukutani, kikombe kimesimama nusu ya safari, mtu aliyekaa miaka thelathini na kazi moja tu, kutazama watu kabla hawajasogea, anaangalia mezani, na Alvin anafuata macho yake mpaka kwenye mkono wake mwenyewe juu ya zile kurasa, vidole vitano vimekandamizwa karatasi inakunjamana, kucha zimepauka, mwili wote umemwagwa juu yake, na anajaribu kuuondoa ule uzito, aguse tu, kama jiko, na vidole havitaki.