Barua Iliyomfukuza Budhram

Budhram aliacha kazi bila kutaka kuacha kazi.

Katika kiwanda kile cha sukari cha Berbice, barua ya kuacha kazi haikuwa ya kuacha kazi. Unatoa notisi ya mwezi mmoja, meneja ananuna wiki mbili, kisha anakuita mnapatana, barua inachanwa. Watu walipata nyongeza kwa njia hiyo. Basi zamu ya mchana ya Budhram, aliyepika sukari pale kwa miaka ishirini na mitatu, ilipopewa mpwa wa meneja, alikwenda moja kwa moja kwa Hardat, mume wa dada yake, karani mstaafu.

"Niandikie Kiingereza kikali, shemeji. Weka na yale ya ubaoni getini."

Kila tangazo lililowatetemesha watu pale getini lilikuwa na maneno hayo: *with immediate effect*.

"Hayo ni papo hapo," Hardat akasema. "Hayana mwezi wa kungoja."

"Ndiyo yanatisha! Karani mzima unaogopa maneno matatu? Dada, njoo umwone mumeo!"

Hardat akakunja uso, akaandika. Maneno yalikaa mahali pake hasa, hata mwalimu asingeweka alama nyekundu.

Asubuhi meneja alisoma barua mara moja, akagonga muhuri.

"Nimekubali. Acha funguo hapo mezani."

"Bosi, si huwa tunazungumza kwanza?"

"Wenzako hunipa mwezi. Wewe umenipa nini? Soma mwenyewe."

Budhram alipiga meza hadi wino ukamwagika, askari wa getini wakamtoa kwa mabega. Akaenda hivyo hivyo, shati limechanika, mpaka barazani kwa Hardat.

"Umeniua, mshenzi wewe!"

"Nilikuambia."

"Uliniambia kama karani! Ndugu angeichana ile karatasi machoni pangu!"

"Na wewe ukaniita mwoga mbele ya mke wangu. Toka kwangu."

Dada yake alisimama mlangoni. Hakumtetea.

Kiinua mgongo kilikuwa kimebakiza miaka miwili. Hakupata hata senti. Nyumba ya kiwanda, vyumba viwili na jiko, alipewa siku saba aihame. Zamu ya mchana bado anayo yule mpwa. Na dada yake, ndugu wa pekee aliyebaki, hajakanyaga kwake tangu siku ile.