Maji ya Kompyuta ya Naima

Asubuhi, kabla wateja wa barua pepe hawajaanza kuingia, Naima Halfani aliwasha kompyuta kubwa iliyokuwa nyuma ya duka la vipuri la baba yake, pale Milanzi, akafungua ule ukurasa mweusi usio na picha, akaandika neno moja: anza. Neno hilo liliiamsha programu ya kugawana nyimbo. Programu yenyewe haikuwa na sura. Ukishaiamsha ilijificha nyuma ya kazi nyingine ikaendelea kimyakimya, hata ukizima kioo. Wala haikuwa na mkubwa wake mahali popote. Kompyuta moja ilichukua kwa wenzake, na wenzake wakachukua kwake. Sadick, binamu yake aliyeileta kutoka Mbeya, alikuwa ameziweka amri zake kwa Kiswahili: anza, simama, hali.

Siku hiyo, badala ya nyimbo, yalikuja maji.

Yalitokea kwenye tundu la kuingizia sidii, membamba kama uzi, kisha yakanenepa kama kidole. Yalikuwa ya baridi na yalikuwa na viluwiluwi. Naima alisogeza kibodi, akatega beseni, akaandika: hali. Kioo kikajibu kwamba programu inaendelea na kwamba inapokea kutoka shambani.

Shamba hilo zamani lilikuwa la serikali. Liliuzwa wakati mashirika ya umma yanauzwa, na aliyelinunua alizungusha uzio, chemchemi ikabaki ndani. Karani wa huko, Alois, mpenzi wa rumba, alikuwa amemwomba Naima amwekee programu ile kwenye kompyuta ya ofisini. Ilipomuuliza angependa kugawana nini na wengine, Alois alichagua "vyote", akaenda kunywa chai.

Evodia, jirani aliyeuza maharage, aliingia na kapu lake.

"Shikamoo, mama," alisema Naima.

"Marahaba, mwanangu. Hayo maji umeyatoa wapi?"

"Shambani. Yanakuja kwa mtandao."

Evodia alichota kwa kiganja, akaonja, akakaa nayo mdomoni kidogo kabla ya kumeza. "Haya ni ya chemchemi yetu," alisema. "Tangu wafunge geti sijayaonja."

"Basi leta ndoo, mama."

Alileta ndoo, na majirani zake wakaleta za kwao. Tangu uzio ule ujengwe walikuwa wakiteka maji kwenye kijito cha ng'ambo ya mlima, pamoja na ng'ombe. Mkwe wa Evodia, Dominika, mimba ilimtoka akiwa kwenye mpando ule na ndoo kichwani. Sasa alikuwa na nyingine.

Kwa kuwa programu ile ilichukua na kutoa, kule shambani nako vitu vilifika. Meneja, Bwana Tadei, alianza kuamka na shingo imekaza na utosi unawaka moto, na juu ya mto wake kulikuwa na ngata ya kitenge, kama ile wanawake wanayoweka kichwani chini ya ndoo, mbichi kwa maji. Alivumilia, halafu akaja dukani.

"Binti, shingo inaniuma. Alois anasema inatokea kwako."

"Ni mizigo ya akina mama," alisema Naima. "Nyie mnatupa maji, sisi tunawapa tulicho nacho."

"Hiyo programu unaweza kuizima?"

"Ni neno moja tu."

"Naomba uliandike."

Evodia, aliyekuwa kwenye benchi akisubiri zamu yake, alisema bila kugeuka, "Afungue geti. Shingo itapona."

"Geti si langu, mama," alisema Tadei kwa upole. "Lina mwenyewe, na mwenyewe hakai nchi hii."

Naima aliandika: simama. Maji yakakatika. Tadei alinyoosha shingo, akaigeuza kushoto na kulia, akashukuru, akaondoka. Evodia alichukua ndoo yake tupu. "Basi nimwambie Dominika atangulie kijitoni kabla jua halijawa kali," alisema.

Mchana Naima alikisukuma chakula huku na huku kwenye sahani. Asubuhi iliyofuata hakumuuliza mtu. Aliandika: anza.

Akina mama wakaenda ofisi ya wilaya kudai geti lifunguliwe. Ofisa aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa sasa maji mnapata wapi?"

"Kwa Naima," alisema Evodia.

"Ya chemchemi ile ile?"

"Ile ile."

"Basi maji mnayo," alisema ofisa, akafunga jalada. Aliwapongeza kwa kupokea teknolojia.

Tadei naye hakurudi dukani. Alimwondoa Alois kwenye ukarani, akamwandikia kazi mpya ya kulala kwenye kitanda cha meneja na kuumwa shingo. Alois aliikubali, maana kazi zilikuwa adimu. Mzee Halfani alitoboa ukuta na kupitisha bomba mpaka nje, ili foleni isizuie wateja wa vipuri. Kule shambani uzio uliongezewa waya.

Dominika alijifungua salama, mtoto wa kike, na mtoto akakua, akaanza shule. Siku moja Evodia, akisubiri ndoo ijae, alimsimulia Naima kwamba mwalimu aliwauliza watoto maji yanatoka wapi, na mjukuu wake akaandika: kwenye kompyuta.

"Nikamwambia amekosea," alisema Evodia. "Akanionyesha alama ya vema."

 Ndoo ilikuwa imejaa, na nyuma yao foleni ilifika barabarani. Naima alimwomba Evodia asogee kidogo, mwenzake ateke.