Risasi Kumi na Mbili kwa Sekunde

Mwalimu Naftali alinitukana siku ya Jumatano, kipindi cha pili, Kidato cha Tatu B, mbele ya wanafunzi arobaini na sita. Nilikuwa nimeshika kipimo cha umeme cha maabara, na kipimo hicho kilikuwa kinatoa moshi.

"Zeenat Manji," alisema, "mikono hiyo ni ya kufunga biskuti. Waachie wenzako mashine."

Darasa zima lilicheka. Na mimi nilicheka, mjinga mimi, nikidhani nikicheka nao nitakuwa nimepona.

Sikupona. Imepita miaka kumi na saba. Sasa nina meza yangu ya ufundi nyuma ya duka letu hapa Singida mjini, natengeneza cherehani za watu kutoka Mtinko mpaka Misigiri, na bado mashine ikinigomea namsikia yule mzee anataja biskuti. Nina kinyongo, nakiri. Wengine hurithi mashamba, mimi nina kinyongo.

Kwa hiyo mdogo wangu Nadeem alipofungua uwanja wa bunduki za rangi kwenye majabali ya njia ya Mtinko, na Mwalimu Naftali, mstaafu wa miaka sitini na nane, akatokea Jumapili ya kwanza amevaa ovaroli na barakoa ya mchezo, nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Bunduki zenyewe hazina dhambi. Zinasukumwa na mtungi wa gesi, zinarusha vidonge vya rangi. Kimoja kikikupasukia, umekufa, unatoka nje unakunywa soda. Shida ni kwamba Mwalimu alikuwa hafi. Jumapili kumi na moja mfululizo aliwamaliza wote: watu wa benki, madereva wa bodaboda, hata mchungaji msaidizi. Mji mzima ulisema ni mafunzo ya jeshi, ya JKT ya zamani. Nilimuuliza Damiani, fundi baiskeli niliyesoma naye, alipigwaje. Aliangalia viatu vyake.

"Yule mzee ni hatari, dada Zee. Tuyaache hayo."

Kila niliyemuuliza aliangalia viatu vyake. Ningejiuliza kwa nini, lakini mwenye kinyongo hajiulizi.

Nilimfuata Mwalimu uwanjani, nikamwamkia, kisha nikasema mbele za watu, "Mwalimu, Jumapili ijayo nikikupiga, utaandika kwenye grupu la Tatu B kwamba ulikosea kuhusu mikono yangu." Yeye ndiye mlezi wa grupu hilo la WhatsApp. Kila alfajiri anatuma mstari wa Biblia, kisha anatusahihisha tahajia.

"Mikono yako? Nilisema nini?"

Alikuwa hakumbuki! Hilo liliniuma kuliko tusi lenyewe. Nikamkumbusha, biskuti na vyote.

"Na nikikupiga mimi?"

"Basi ulikuwa sahihi, na sitalitaja tena."

"Sawa," alisema, akapanda baiskeli yake.

Wiki ile cherehani za watu zilisubiri. Nilichukua bunduki moja ya Nadeem nikaifungua mezani. Triga yake ilikuwa na safari ndefu kama ya kwenda Sekenke kwa miguu, nikaweka skrubu ndogo nyuma yake ili isirudi mbali. Springi yake nikaitoa, nikaweka ya kukaza uzi kutoka kwenye cherehani mbovu. Kile kilimi kinachoizuia nyundo nikakisugua kwa msasa laini, kisha kwa dawa ya meno, mpaka kikateleza. Triga nikairefusha ili vidole viwili vipokezane.

Jaribio la kwanza, bunduki ilijitafuna. Ilikuwa na kasi kubwa kuliko vidonge vinavyoshuka kutoka kwenye kibuyu chake cha juu, ikavipasua tumboni, ikatapika rangi ya njano mpaka mapajani mwangu. Nadeem alicheka akakaa chini. Nikachukua mota ya gari la kuchezea la mwanawe, nikaifunga ndani ya kibuyu iwe inakoroga vidonge vishuke haraka. Jaribio la pili tulilirekodi kwa simu, tukaicheza video polepole, tukahesabu: kumi na mbili kwa sekunde. Mama alitoka akapiga kelele kwa Kikachi, lugha yetu ya nyumbani, kuhusu shuka zake kwenye kamba. Nguvu ya risasi sikuigusa hata kidogo. Sikutaka kumuumiza mwalimu wangu, nilitaka kumwaibisha tu.

"Triga imekuwa nyepesi mno," Nadeem alisema. "Ukipiga chafya inalia."

"Basi sitapiga chafya."

"Haraka haraka haina baraka, dada."

"Baraka utaipata msikitini. Niletee vidonge."

Jumapili ikafika. Baada ya robo saa tu, wenzangu wote walikuwa nje na soda zao. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya jabali, vidole viwili kwenye triga. Nilisikia changarawe. Mwalimu akatokea hatua sita mbele yangu, wima, bunduki kiunoni, hana haraka yoyote. Alikuwa wangu! Lakini hakujificha wala hakulenga. Alisimama tu akanitazama, akisubiri, vilevile alivyokuwa akisimama mlangoni pa darasa mpaka wote tunyamaze.

Mgongo wangu ulinyooka wenyewe. Magoti yakainama yenyewe. Mtutu ukashuka.

"Shikamoo, Mwalimu."

Akanyanyua bunduki, akalenga vizuri.

"Marahaba," alisema, akanipiga kifuani. Moja tu.

JKT gani! Hapo ndipo nilipowaelewa watu wa benki, na mchungaji, na Damiani na viatu vyake. Nani mjini hapa atampiga mzee ambaye hajaitikia salamu? Na mzee anaitikia anapotaka yeye.

Nilishtuka, vidole vikagusa triga, na kazi yangu ya wiki nzima ikazungumza. Vidonge ishirini vilitoka kabla sijafunga mdomo, vyote kwenye viatu vya Mwalimu, vikipanda mpaka magotini. Aliruka kama anacheza ngoma ya harusi. Havikuhesabiwa, maana maiti hapigi risasi.

Nje ya uwanja alivua barakoa, akavaa miwani. "Lete." Nikatoa mtungi na vidonge, nikaifungua bunduki juu ya jiwe.

"Springi hii?"

"Ya cherehani, Mwalimu."

"Na mota?"

"Ya gari la mtoto."

Aliibonyeza triga kwa kidole cha mwisho, mara nyingi, akiinamisha sikio. Nilisimama pale nikiwa na miaka kumi na sita. Nilitaka neno moja tu.

"Umeshindwa, Zeenat," alisema, akanirudishia bunduki, akaenda kwenye baiskeli akiacha nyayo za njano. Niliumia, na sikujua niifiche wapi sura yangu.

Jumatatu saa nne nilikuwa kaunta nafunga biskuti, kweli kabisa, za mteja wa Mtinko. Simu ikalia. Grupu la Tatu B.

"MASAHIHISHO. Nilipata kusema kwamba mikono ya Zeenat Manji ni ya kufunga biskuti. Futeni sentensi hiyo. Kipimo kile nilikiunganisha vibaya mimi mwenyewe asubuhi ile, na nilijua. Nilikumbuka siku zote. Angalizo: jana nilimpiga kihalali. Naftali."

Nilisoma mara tatu. Vidole vyangu, vinavyofyatua kumi na mbili kwa sekunde, vilichukua dakika nzima kuandika maneno mawili: Shikamoo, Mwalimu.

Kisha, kabla hajaitikia, niliinama nyuma ya kaunta, Nadeem asinione ninavyolia.