Maji ya Radhi

Kaka yangu Badru alipoambiwa ini lake lina makovu, mama aliketi sakafuni palepale kliniki. Watu wakadhani presha imepanda. Mie nilijua. Mama alikuwa amekumbuka cherehani.

Cherehani ya mama, Badru aliiuza zamani, alipokuwa akijidunga unga wa kulevya hukuhuku Temeke. Siku mama alipokuta meza tupu, alisimama uani na mtaa mzima ukamsikia: "Umenikata maini, Badru! Na yako Mungu ayakate!" Mama yangu, Bi Mwajabu, akikasirika hachagui neno. Nami nimerithi mdomo huohuo, ndiyo maana hatuishi kugombana.

Unga Badru aliuacha. Virusi vya ukimwi alivyovipata kwenye sindano za kuchangia vimetulizwa kwa vidonge, na vidonge hivyo anavimeza kila siku bila kukumbushwa. Nawashukuru sana waliomfundisha hapo kliniki. Kumbe sindano zilezile zilimpa na homa ya ini aina ya C, nayo ikakaa kimya ikimla ndani kwa ndani. Daktari Alfonsi alitueleza taratibu kwamba mwenye vyote viwili ini lake huharibika upesi zaidi, lakini homa hii siku hizi ina vidonge vya kuiponya kabisa. Badru angevimeza miezi mitatu, angengoja mingine mitatu, kisha apimwe upya.

Mama hakusikia habari ya vidonge. Alisikia ini tu.

"Ni mie," alisema. "Ni mdomo wangu huu."

"Mama, ni kirusi," muuguzi Anjelina akambembeleza.

"Na hicho kirusi kimetumwa na nani?"

Kuna jambo jingine lililonikera miaka yote. Nyumbani Badru alikuwa na kikombe chake cha bati, chenye maua mekundu, kinachotundikwa kwenye msumari wa peke yake. Anjelina alishamweleza mama mara chungu nzima kuwa magonjwa haya hayaambukizwi kwa kikombe. Mama huitikia "Hewala," akifika nyumbani kikombe kinarudi msumarini. Badru hakuwahi kulalamika. Afadhali angelalamika, ningepata wa kunisaidia kugomba.

Miezi sita ikapita, siku ya kupimwa upya ikafika. Aliagizwa asile wala asinywe kitu tangu asubuhi. Tulipoketi kwenye benchi, mama akatoa chupa ndani ya khanga. Alikuwa ameamka alfajiri, akaswali, akasukutua maji na kuyatema humo, kama wazazi wa kwetu wanavyofanya wakitoa radhi.

"Kunywa, mwanangu, kabla hujaingia. Nimekuwia radhi, na dada yako shahidi."

Badru akaitazama chupa, akanitazama mie. "Mama, nimekatazwa kunywa."

"Radhi si chai!"

Anjelina akacheka. "Shikamoo, mama. Radhi haichachi hiyo. Akitoka atakunywa."

"Na majibu yakija mabaya?" Sauti ya mama ilikatika. "Nitakuwa nimemuua mwanangu kwa ulimi."

Hasira zangu zote ziliniisha. Nilimshika mkono mama yangu, na sikumbuki mara ya mwisho kuushika ilikuwa lini.

Tukaingia wote. Daktari alimlaza Badru, akambana mbavuni kwa kifaa cha mashine ya kupimia ini, akasoma na majibu ya damu. Mama alikuwa anasoma dua.

"Homa ya ini imepona," daktari akasema. "Kirusi chake hakimo tena kwenye damu. Makovu bado yapo, sitawadanganya, lakini ini limelainika kuliko mwanzo. Pombe asiiguse, dawa zake za kila siku aendelee nazo, na kila miezi sita aje tumwangalie. Anaweza kuzeeka huyu, akawasumbua wajukuu."

"Alhamdulillahi," nikasema kwa sauti ya kusikika hadi nje.

Mama bado alikuwa na lake. "Daktari, hiyo mashine inaonyesha laana?"

Daktari Alfonsi hakucheka, na kwa hilo nitamwombea kila siku. "Inaonyesha ini tu, mama. Na ini hili linapona."

Nje, getini, Badru aliipokea chupa kwa mikono miwili. Alikuwa na kiu ya tangu asubuhi. Alikunywa mpaka nusu, akashusha pumzi, akaanza kutafuta kifuniko.

Mama akamnyang'anya chupa. Hakuifuta mdomo. Akaiinua, akanywa maji yote yaliyobaki, mengine yakimchuruzika kidevuni. Badru akageukia ukutani akilia, na mie nikamkodolea mama macho.

"Mnashangaa nini?" mama akasema, akijifuta kwa khanga. "Nami nina kiu. Nina kiu tangu siku ile ya cherehani."