Damu Safi ya Rukaiya

Kawe nzima ilijua kwamba Apolonia akisema kwenye damu hakuna mdudu, basi hakuna. Miaka kumi na moja alikuwa ameinamia darubini ya zahanati ile, na kila wakubwa walipochukua vioo vyake kuvisoma upya, majibu yalirudi yaleyale. Sifa hiyo aliipenda, tusidanganyane. Ukitaka acheke, msifie macho yake.

Sasa Jumatatu moja ya mwaka tisini na nane, mvua kubwa zimekwisha na madimbwi yamejaa vichochoroni, Lulu alimleta mwanawe Rukaiya, wa miaka mitatu, mwili unachemka na macho mazito. Apolonia akamtoboa kidole, akapaka damu kwenye kioo, akaitia rangi, akaitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida. Hakuona mdudu. Aliona chembe nyeupe za damu zenye vidoa vyeusi ndani yake, akavipita, maana fomu haiulizi vidoa, inauliza mdudu. Akaandika kwenye cheti: hakuna vimelea. Tabibu akatoa Panadol, mama na mwana wakarudi nyumbani.

Saa nane mchana akaingia Dokta Quresh, anayekusanya damu za utafiti kila wiki. Mtu wa maneno mengi huyo, akisoma jambo jipya hawezi kukaa nalo.

"Mdudu huyu wa malaria, dada Apolonia, ana nguo kama sitini hivi, zote zimo kwenye jeni zake. Lakini anavaa moja tu, nyingine anazifungia. Mwili ukishaizoea ile, anaivua, anafungulia nyingine."

"Na ufunguo kaushika nani?"

"Hapo ndipo bado tunahangaika. Jeni zenyewe ni zilezile, kinachobadilika ni ipi imefunguliwa na ipi imefungwa. Ila kuna nguo mbaya. Akiivaa hiyo, chembe ya damu aliyomo inanata kwenye vimishipa vya ubongo, haizunguki tena. Utatoboa kidole mpaka uchoke, humpati. Labda utaona uchafu wake tu, vidoa vyeusi ndani ya chembe nyeupe."

Apolonia aliinuka. Alikitoa kioo cha asubuhi kwenye kisanduku, akakirudisha chini ya darubini. Vidoa vilikuwepo, tena vingi. Hakuaga, hakuvua hata koti jeupe, akashika njia ya kwa kina Lulu mbiombio.

Alipokelewa na moshi. Bi Tunu, mama yake Lulu, alikuwa amekaa mkekani na mjukuu wake mapajani, viungo vimekakamaa, macho yamepinduka. Pembeni chetezo kilifuka moshi wa kinyesi cha tembo, dawa ya kienyeji ya degedege. Lulu alikuwa ameegemea ukuta, analia bila sauti.

"Shikamoo, bibi. Huyu mtoto ana malaria, imempanda kichwani. Twende hospitali sasa hivi akachomwe kwinini."

"Marahaba. Malaria ipi tena?" Bi Tunu akafungua pindo la khanga, akatoa cheti. "Si wewe uliyeandika hakuna? Hii degedege. Na mwenye degedege hachomwi sindano. Mie mwanangu Mashaka walimchoma, jioni hakuiona. Sirudii."

"Mdudu yupo, bibi. Anabadili nguo, anajificha ubongoni. Ndio maana kwenye kidole haonekani."

Bi Tunu akamtazama kwa huruma. "Haonekani, anabadili nguo, anaingia kichwani. Huyo si mdudu, mwanangu. Huyo ndiye shetani tunayemfukiza."

"Mama, tumpeleke tu," Lulu akasema.

"Kaa chini."

Rukaiya akashtuka mwili mzima, povu likamtoka, pumzi ikakwama kisha ikarudi kwa taabu. Apolonia alihisi hasira, tena si kwa yule bibi. Ukweli alikuwa nao wote, na kila neno la ukweli lilizidi kumfunga mtoto pale mkekani. Bi Tunu hakuhitaji maelezo. Alihitaji mdudu aliyeonekana kwa macho, juu ya kioo, na macho ya kuaminiwa Kawe yalikuwa ya mtu mmoja tu. Akapiga magoti.

"Bibi, nimekuficha. Asubuhi nilichanganya vioo. Nilisoma damu ya mtoto mwingine nikaandika jina la Rukaiya. Damu yake imejaa wadudu, nimewaona sasa hivi. Nimeogopa kufukuzwa kazi, ndio nikakuletea hadithi za nguo."

"Umechanganya?"

"Nimechanganya."

Bi Tunu akampiga kofi. Kisha akanyanyuka na mtoto kifuani. "Lulu, kimbia barabarani ukatafute teksi."

Dripu ya kwinini ilitundikwa kabla ya magharibi. Siku mbili Rukaiya hakumjua mtu. Siku ya tatu akafumbua macho, akadai uji, akaukataa kwa sababu hauna sukari. Lulu alicheka mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka.

Habari ya vioo ilifika zahanati kabla hata mtoto hajatoka wodini. Mganga mkuu akamwandikia Apolonia barua ya onyo. Dokta Quresh alipokuja na kusikia, alipandisha sauti.

"Kioo kile hukukosea. Niache nikamweleze yule bibi."

"Umweleze nini? Kwamba damu ilikuwa safi? Mwakani mtoto akishikwa tena, atamrudisha kwenye moshi, na safari hiyo hatamsikiliza mtu. Niachie hivi hivi, dokta."

Mwezi uliofuata Bi Tunu alipita zahanati, kamshika Rukaiya mkono, mtoto anatafuna kipande cha muhogo. Alisimama mbele ya foleni ya maabara, hakupunguza sauti.

"Nyie, huyu nusura aniulie mjukuu. Anachanganya damu za watoto wa watu. Mwenye uchungu na mwanawe ampeleke kwingine."

Apolonia alisikia kila neno kupitia dirishani. Ilimuuma, ilimuuma hasa, na mara mbili alifungua mdomo ajibu. Rukaiya alikuwa anamkodolea macho, shavu limevimba kwa muhogo. Apolonia akafunga mdomo, akainamia orodha, akaita jina linalofuata. Hakuna aliyeinuka.